Sura ya Sita: Moto Uendao na Moshi

Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, baada ya Mikumi na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, barabara inaanza kuukwea Mlima Kitonga. Hapo ndipo lori huonyesha lina nini. Semitrela lenye kontena la kwenda Tunduma, na kutoka hapo Zambia au Lubumbashi, linashuka gia moja baada ya nyingine mpaka linatambaa. Injini inanguruma, feni ya rejeta inavuma, na bomba la moshi linatoa hewa ya moto kiasi kwamba miti iliyo nyuma yake inaonekana kama inacheza ndani ya maji. Mazigazi yale ni dizeli. Imeshalipiwa, imeshachomwa, na sasa inaondoka zake.

Tuipigie hesabu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Injini nzuri ya lori la kisasa, ikiwa kwenye mwendo inaoupenda, hugeuza asilimia 40 hadi 45 ya nishati hiyo kuwa mzunguko wa krenki. Sehemu nyingine inachukuliwa na maji ya rejeta, mafuta ya injini na msuguano. Kinachobaki, kiasi cha theluthi moja, kinatoka kwa ekzosi. Maana yake, dereva akijaza lita 600 Dar es Salaam, lita kama 200 amezinunulia kazi ya kupasha moto hewa ya Kitonga, Mafinga na Makambako. Gari dogo la petroli kwenye foleni ya mjini lina hali mbaya kuliko hiyo.

Kwa zaidi ya miaka 100 kumekuwa na wahandisi walioutazama moshi huo na kukataa kuuacha uende bure. Baadhi yao walifanikiwa sana, wengine walitumia fedha nyingi wakaambulia kidogo. Nimewasoma kwa muda mrefu, na nimefikia hitimisho moja ambalo sura hii inalitetea: kinachoamua kama moto wa ekzosi utavunika ni kazi ambayo injini inafanya kutwa nzima, na mahali pa kutupia joto lililobaki. Ujanja wa kifaa unakuja nyuma ya hayo mawili.

Tuanze na swali ambalo kila mtu makini huuliza: kama lita 200 zinatoka na moshi, kwa nini tusizirudishe zote?

Jibu lilipatikana kabla injini ya dizeli haijabuniwa. Mwaka 1824 mhandisi kijana wa Kifaransa, Sadi Carnot, alichapisha kijitabu kuhusu nguvu inayotokana na moto. Alikuwa anatafuta kujua kama injini za mvuke za wakati wake zingeweza kuboreshwa bila kikomo. Aliligeuza swali kila upande, akaona kwamba joto hufanya kazi pale tu linaposhuka kutoka penye moto kwenda penye baridi, kama maji ya maporomoko yanavyofanya kazi yanapoanguka. Maporomoko yakiwa mafupi, hata mto ukiwa mpana namna gani, gurudumu litazunguka kinyonge. Carnot alikufa kwa kipindupindu mwaka 1832, akiwa na miaka 36, kabla ulimwengu haujamwelewa.

Mama yeyote anayepikia mkaa anaijua habari hii kwa mikono yake. Pipa zima la maji ya uvuguvugu lina joto jingi kuliko kaa moja jekundu, lakini huwezi kuwasha jiko kwa pipa la maji. Kaa moja linaliwasha. Joto lina wingi, na lina ukali pia. Maji ya rejeta yenye nyuzijoto 90 ni pipa: hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, hata mashine kamilifu isiyo na msuguano wowote ingepata kazi ya asilimia 16 tu kutoka kwenye joto hilo. Moshi wa ekzosi wenye nyuzi 400 ni kaa. Kwa moshi huo hesabu ya Carnot inaruhusu asilimia 55.

Lakini kaa nalo linapoa kadiri unavyolitumia. Moshi ukishaanza kutoa joto lake, ukali unapungua, na ukipiga hesabu ya safari nzima ya moshi kutoka nyuzi 400 hadi 30, ile asilimia 55 inashuka hadi 35 hivi. Hapo bado tunazungumzia mashine ya kwenye karatasi. Mashine ya chuma haiwezi kuupoza moshi mpaka nyuzi 30, ina msuguano, ina pampu inayokula nguvu, ina uzito ambao lori lazima liubebe. Katika majaribio mengi ya mitambo ya mvuke kwenye malori, faida imeishia karibu asilimia 3 hadi 5 ya mafuta yote. Katika lita 600 hizo ni lita 18 hadi 30. Ni pungufu sana ya 200, lakini mwenye malori 50 hawezi kuzidharau.

Mtu wa kwanza kuufanyisha moshi kazi kwa njia iliyodumu alikuwa Mswisi, Alfred Büchi. Hataza yake ni ya mwaka 1905, na wazo lake kila fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, analifahamu leo kwa jina la turbo. Ni mapangaboi mawili madogo yaliyofungwa kwenye ekseli moja. La kwanza linasukumwa na moshi. La pili linasukuma hewa safi kuingia kwenye silinda. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuchomwa ndani ya silinda ileile. Büchi alihangaika kwa takriban miaka 20 kabla chuma na fani hazijamfikia. Katikati ya miaka ya 1920, injini za dizeli za meli mbili za abiria za Kijerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa turbo, na nguvu ya kila injini ikapanda kutoka nguvu farasi 1,750 hadi 2,500. Mwaka 1938 kampuni ya Saurer ya Uswisi ikaipeleka turbo kwenye injini ya lori.

Fundi anaposema turbo imekufa, na moshi umekuwa wa bluu, mara nyingi kilichokufa ni ile ekseli ndogo inayozunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika juu ya utando mwembamba wa mafuta. Ndiyo maana dereva mzoefu akifika juu ya mlima hazimi injini hapohapo. Anaiacha ilie taratibu dakika moja au mbili, mafuta yaendelee kupita mpaka chuma kipoe. Ninawasihi vijana wanaonunua magari ya mtumba kutoka Japani wajifunze tabia hiyo kabla hawajanunua turbo ya pili.

Hata hivyo turbo haichangii krenki moja kwa moja. Inaisaidia injini kupumua, basi. Na moshi unaoiacha turbo bado una moto wa kutosha kumchubua mtu. Swali likabaki: je, pangaboi la moshi linaweza kufungwa kwenye krenki yenyewe, lisukume pamoja na pistoni?

Waliothubutu kwa kiwango kikubwa walikuwa Wamarekani wa Wright Aeronautical, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walikuwa na injini ya ndege yenye silinda 18 zilizopangwa kama tindi za baiskeli katika safu mbili, ikiwa na ujazo wa karibu lita 55. Jina lake R-3350. Ilikuwa inafikia ukomo wake. Kuongeza nguvu kwa kuongeza petroli kulimaanisha ndege ibebe petroli zaidi, na petroli ile yenyewe ni mzigo. Wakaweka turbaini tatu kuizunguka injini kwa nyuma, kila moja ikipokea moshi wa silinda sita. Kila turbaini iliunganishwa na krenki kwa gia na kwa kiungo cha mafuta, na kila moja ilirudisha takriban nguvu farasi 150 wakati wa kuruka. Jumla ni 450, bila tone la ziada la petroli. Wakaiita Turbo-Compound.

Nguvu farasi 450 ni kama injini ya lori zima la kisasa, iliyookotwa kutoka kwenye bomba la moshi.

Ndege zilizobeba injini hizo, Douglas DC-7 na Super Constellation za Lockheed, zilifika mbali kuliko ndege za abiria zilizozitangulia. Mwaka 1953 DC-7 zilianza kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani bila kutua, kwa ratiba ya kawaida. Baadaye ndege za ukoo huohuo zikawa zinavuka Atlantiki moja kwa moja. Ukitazama kazi yao utaona kwa nini moshi wao ulivunika: rubani anaruka, anafika juu, anaweka injini kwenye nguvu ileile kwa saa 10 au zaidi. Hakuna foleni, hakuna taa nyekundu. Moshi unatoka na ukali uleule kutoka New York hadi Ulaya, na nje ya bawa kuna hewa baridi isiyokwisha.

Bei ya mafanikio hayo ililipwa na mafundi. Turbaini zilizokaa ndani ya moshi wenye moto mkali zilipasuka, valvu za kutolea moshi ziliungua, na injini zilizimwa angani mara nyingi kuliko mashirika yalivyopenda. Kwenye vitabu vya kampuni zilikuwa turbaini za kuvuna nguvu; mafundi waliozifungua usiku kucha waliziita turbaini za kuvuna vipuri. Kisha, mwaka 1958, Boeing 707 ikaanza kuvuka Atlantiki kwa injini za jeti, na injini ya pistoni yenye ustadi mkubwa kupita zote ikapoteza kazi. Naiheshimu mashine ile. Ilishindwa na mashine ya aina nyingine kabisa, huku wazo lake likiwa sahihi.

Wazo hilo lilishuka barabarani mwaka 1991, Scania ya Sweden ilipotoa injini ya lita 11 yenye turbaini ya pili. Moshi ukitoka kwenye turbo ya kawaida unapita kwenye turbaini hiyo kabla haujafika kwenye bomba. Hapa kuna tatizo tamu la kifundi. Turbaini inazunguka mara 50,000 na zaidi kwa dakika. Flaiwili ya lori inazunguka 1,900. Gia zinaweza kupunguza mwendo, lakini pistoni haisukumi krenki kwa ulaini, inaipiga mishindo, na mishindo hiyo ikipanda kupitia gia itaivunja ekseli nyembamba ya turbaini.

Dawa yake unaweza kuijaribu sebuleni. Weka mapangaboi mawili ya umeme yakitazamana, washa moja tu. Baada ya muda la pili nalo litaanza kuzunguka, ingawa halijachomekwa. Sasa lizuie la pili kwa fimbo ghafla: la kwanza linaendelea bila kuhisi kitu. Badala ya upepo weka mafuta, badala ya mapangaboi weka bakuli mbili za chuma zenye mapezi ndani, uzifungie kwenye kasha moja. Hicho ndicho kiungo cha mafuta. Nguvu inapita, mishindo haipiti. Wright walikitumia angani, Scania wakakitumia barabarani, na baada yao Volvo, kisha Detroit Diesel kule Marekani katika injini ya DD15.

Lakini historia ya barabarani haikunyooka. Scania waliiacha turbaini hiyo, wakairudisha mwaka 2001 kwenye injini ya lita 12, kisha wakaiacha tena. Detroit nao waliitoa baada ya miaka michache. Volvo waliirudisha Marekani mwaka 2017. Sababu ya kuingia na kutoka huku ni kwamba turbaini ya pili inauziba moshi kidogo, na pistoni inalipa gharama ya kuusukuma. Lori likiwa limebeba tani 40 kwenye barabara ndefu, turbaini inalipa zaidi ya inachokula. Likirudi tupu, au likiwa katika foleni ya Ubungo, turbaini ni mzigo. Na turbo za kawaida zimeendelea kuwa bora mwaka hadi mwaka, zikaila sehemu ya faida ileile.

Njia ya pili ni kongwe: kuchemsha maji kwa moshi. Desemba 2005 BMW walionyesha mtambo walioupa jina Turbosteamer, uliofungwa kwenye injini ya petroli ya lita 1.8. Moshi ulichemsha maji, mvuke ukasukuma mashine ndogo iliyounganishwa na krenki. Mzunguko wa pili, wenye ethanoli ndani yake, ulikamata joto la chini pamoja na lile la rejeta. Walitangaza nyongeza ya kilowati 10 na kupungua kwa matumizi ya mafuta kwa hadi asilimia 15. Namba hizo zilisisimua ulimwengu wa magari. Gari hilo halikuuzwa kamwe.

Hapa ndipo sheria ya Carnot inapouma kwa upande wake wa pili, ule unaosahauliwa. Mvuke ukishafanya kazi lazima upozwe uwe maji tena, na joto lake litupwe mahali. Gari lina rejeta moja tu mbele, na rejeta hiyo tayari ina kazi yake. Ongeza ya pili, na feni kubwa, na bomba, na pampu, na maji yanayoganda usiku wa Ulaya. Kisha mwenye gari anaendesha dakika 15 kwenda kazini, na boila ndiyo kwanza inaanza kupata moto. Sioni njia ambayo mtambo huo ungemlipa mtu wa mjini, hata ungetengenezwa kwa ustadi gani.

Kwenye malori matumaini ni makubwa zaidi. Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha mwaka 2010 mradi wa SuperTruck, ambamo Cummins na Peterbilt walitumia mtambo wa aina hii pamoja na maboresho mengine wakaifikisha injini ya dizeli kwenye ufanisi wa asilimia 50. Lakini rudi Kitonga. Lori linatambaa, upepo wa kupoza rejeta haupo, na ni wakati huohuo moshi una moto wa juu kabisa. Mahali penye mavuno mengi ndipo pasipo na ghala. Zaidi ya hayo, malori mapya yanayotumia AdBlue, kimiminika cha kusafishia moshi, yanahitaji moshi wa zaidi ya nyuzi 200 hivi ili kifaa cha kusafisha sumu kifanye kazi. Ukiupoza moshi mapema mno, unaokoa dizeli na kuchafua hewa.

Kuna pia waliotafuta umeme kutoka kwenye joto bila kitu chochote kuzunguka. Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja moto na mwingine baridi, huzalisha nguvu ya umeme. Katika miaka ya 1950 Wasovieti waliuza taa ya mafuta ya taa iliyovikwa vipande vya namna hiyo juu ya chemni yake, na familia ya kijijini ikasikiliza redio kwa joto la taa. Ninalipenda sana wazo hilo. Kwenye ekzosi, hata hivyo, vipande hivyo hutoa kama asilimia 5 tu ya joto linalopita, na vile vilivyozoeleka zaidi haviwezi kustahimili moto wa karibu na injini.

Mashindano ya Formula 1 yalichukua njia nyingine kuanzia mwaka 2014: jenereta ya umeme ikafungwa kwenye ekseli ya turbo yenyewe. Kila tone la mafuta lilipimwa, yasizidi kilo 100 kwa saa, kwa hiyo timu zililazimika kuvuna moshi au kushindwa. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao imevuka ufanisi wa asilimia 50 kwenye mashine ya majaribio, kiwango ambacho injini ya petroli haikuwa imezoea kukisogelea. Kisha kanuni za mwaka 2026 zikakiondoa kifaa hicho, kwa kuwa kilikuwa ghali na kigumu kwa watengenezaji wapya.

Sasa tazama wanaovuna kila siku bila kelele. Emma Mærsk, meli ya makontena iliyoanza kazi mwaka 2006, ina injini ya silinda 14 yenye takriban megawati 80, na moshi wake unachemsha mvuke na kuzungusha turbaini zinazorudisha karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Injini inakwenda wiki kwa wiki kwa mwendo mmoja, na bahari nzima ni rejeta. Na hapa kwetu, Kinyerezi II jijini Dar es Salaam, mtambo wa megawati 240 uliozinduliwa mwaka 2018, unachoma gesi asilia kwenye turbaini, kisha moshi wa turbaini hizo unachemsha maji, na mvuke unazungusha turbaini nyingine. Anayewasha taa Temeke au Kimara anaweza kuwa anatumia umeme wa moshi.

Meli, kituo cha umeme, ndege ya masafa marefu, lori lenye mzigo: zote zinafanya kazi nzito, ndefu, ya mwendo mmoja. Bajaji, daladala na gari la familia havimo katika orodha hiyo, na sitarajii viingie. Akija mtu kukuuzia kifaa cha kufunga kwenye ekzosi ya Toyota yako ili upunguze mafuta kwa nusu, una hesabu ya Carnot mfukoni. Mkatalie.

Kuna hatua moja ambayo nchi zetu zinaweza kuipiga kesho, bila maabara. Injini nyingi za dizeli zinazofanya kazi nzito na ndefu katika Afrika Mashariki hazina magurudumu. Ni majenereta: ya hoteli za visiwani, ya hospitali za wilaya, ya viwanda vilivyo mbali na gridi. Moshi wake ukipitishwa kwenye tangi la maji lenye mabomba ya chuma ndani, maji ya kufulia na ya kuoshea vyombo yanachemka. Huko hakuna turbaini ya kupasuka. Joto linatumika likiwa joto, na kikomo cha Carnot hakiligusi, kwa sababu hatuligeuzi kuwa kazi. Mchomeleaji yeyote mzuri anaweza kulitengeneza tangi hilo, ilimradi mwenye jenereta aangalie kiasi cha kizuizi cha moshi ambacho injini yake inaruhusiwa. Ukikuta jenereta linalonguruma kutwa, na hatua 20 kutoka hapo watu wanachemsha maji kwa kuni, mwite mwenye nalo, muonyeshe bomba la moshi, na umwambie moto wake uko pale.